Seli haitafuti tofauti

Muulize mtu yeyote aliyepita darasa la biolojia kwa nini watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani. Atakujibu bila kusita kwamba ni meiosisi, ule mgawanyiko wa seli unaozaa mayai na mbegu za kiume. Mbane kidogo, ataongeza kwamba meiosisi ipo ili viumbe watofautiane, na watofautiane ili mazingira yakigeuka wasife wote kwa pamoja. Jibu hilo linapata alama zote kwenye mtihani. Nusu yake ya kwanza ni sahihi. Nusu ya pili inaipa seli nia ambayo seli haina, na hivyo inaficha sehemu inayovutia kuliko zote katika somo hili.

Seli inayogawanyika haina habari ya mazingira ya kesho. Ina shughuli iliyo mbele yake: kunakili DNA bila kukosea, kuunga palipokatika, na kuhakikisha kila seli mpya inaondoka na kromosomu zake kamili, zile nyuzi za DNA zilizobeba urithi. Rai yangu ni kwamba tofauti za kijenetiki hutoka kwenye shughuli hizo kama mazao ya pembeni. Uteuzi asilia ulikuja nyuma, ukayakuta, ukayatumia, na mahali pengine ukayalinda. Anayeanza na faida ya mwisho kisha akarudi nyuma hawezi kueleza kwa nini mtambo uko hivi ulivyo, wala kwa nini unaharibika pale unapoharibika.

Tuanze na mgawanyiko usioshukiwa. Mwaka 1882 Mjerumani Walther Flemming, aliyekuwa akichunguza seli za viluwiluwi vya salamanda kwa hadubini, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi nyuzi zilizomo ndani ya kiini zinavyopasuka kwa urefu, kisha nusu zake zikavutwa kwenda pande mbili. Mgawanyiko huo akauita mitosisi. Tangu hapo tunafundishwa kwamba mitosisi hutoa nakala mbili zilizo sawa, na kwamba tofauti ni kazi ya meiosisi. Mpango huu wa kazi ni mzuri kwa kukariri na ni mbovu kwa kuelewa.

Angalia hesabu. Seli ya binadamu ina herufi za DNA takriban bilioni 6, nusu kutoka kwa kila mzazi. Kimeng'enya kinachozinakili, kikiachwa peke yake, hukosea kama mara moja katika kila herufi 100,000. Kwa kasi hiyo kila mgawanyiko mmoja ungeacha makosa yapatayo 60,000. Lakini kimeng'enya hichohicho hurudi hatua moja nyuma na kufuta herufi isiyooana, na baada yake hupita kundi jingine la protini likikagua upya, hata kosa linalobaki huwa moja tu katika herufi bilioni moja au zaidi. Usahihi huu unaonyesha seli inaelekeza nguvu zake wapi. Inapambana kuzuia tofauti. Kila hatua ya ukaguzi inakula nishati na muda, na seli inalipa.

Hata hivyo machache hupenya. Mwili wa mtu mzima una seli zaidi ya trilioni 30, zote chimbuko lake yai moja lililotungishwa, na haiwezekani zote ziwe na maandishi yaleyale herufi kwa herufi. Mwaka 2021 watafiti wa Iceland walichapisha matokeo ya kulinganisha DNA ya mapacha wa yai moja, wale tunaosema wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Kwa wastani, kila jozi ilitofautiana kwa mabadiliko yapatayo 5 yaliyotokea siku za mwanzo kabisa za ukuaji. Idadi ni ndogo, lakini inatosha kufuta ile sentensi ya kwenye daftari isemayo kwamba mitosisi haileti tofauti.

Mengi ya mabadiliko haya hufa pamoja na mwili ulioyabeba. Yakitokea ngozini hubaki ngozini; yakiangukia jeni zinazodhibiti kasi ya kugawanyika yanaweza kuanzisha saratani. Yanayoingia kwenye urithi ni yale yanayotokea katika ukoo wa seli zitakazozaa mayai na mbegu. Hapo ndipo mitosisi inaponyimwa heshima inayostahili. Korodani haianzi maisha na akiba ya mbegu zilizokamilika. Ina seli mama zinazogawanyika kwa mitosisi tangu balehe hadi uzeeni, takriban mara 23 kwa mwaka, na kila mara DNA yote inanakiliwa upya. Mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya kati ya 60 na 70 ambayo wazazi wake hawakurithi, na karibu robo tatu au zaidi ya hayo hutoka kwa baba. Utafiti mwingine wa Iceland, wa mwaka 2012, ulikadiria kwamba kila mwaka unaoongezeka katika umri wa baba humwongezea mtoto mabadiliko kama mawili.

Wapo wanaosema kunakili si mkosaji pekee, kwamba DNA huumia hata ikiwa imetulia. Nadhani wana hoja, kwa sababu mabadiliko yanayotoka kwa mama nayo hupanda kidogo kadiri umri wake unavyosogea, ingawa mayai yake hukaa miongo bila kugawanyika. Vyovyote iwavyo, herufi mpya, ile ambayo haikuwapo kwa babu wala bibi, kwa sehemu kubwa huzaliwa kabla meiosisi haijaanza. Meiosisi inapokea maandishi yaliyokwisha kuandikwa.

Na herufi hiyo haiji kwa sababu inahitajika. Hilo lilionyeshwa mwaka 1943 na Salvador Luria na Max Delbrück, wakitumia bakteria na virusi wanaowaua. Kama bakteria wangepata ukinzani kwa kukutana na virusi, basi mirija yote iliyooteshwa kwa namna moja ingetoa idadi ya wakinzani inayokaribiana. Walichokikuta ni mirija mingi yenye wachache au isiyo na hata mmoja, na michache yenye wengi kupindukia. Maana yake badiliko lilikuwa limeshatokea vizazi kadhaa kabla ya virusi kuletwa, na pale lilipotangulia mapema lilikuwa limeshazaa ukoo mkubwa. Naupenda mtego huu kuliko majaribio mengi ya gharama yaliyoufuata: wawili hawa waliisoma historia kwa kutazama tu jinsi idadi zilivyotawanyika.

Sasa meiosisi. Wazo ninalolipinga lina mwenyewe, na alikuwa mtu makini. Mwaka 1886 August Weismann wa Freiburg alitetea hoja kwamba uzazi wa kijinsia upo kwa ajili ya kuupa uteuzi asilia tofauti za kuchagua. Mwaka uliofuata alibashiri kwamba lazima uwepo mgawanyiko unaopunguza kromosomu kuwa nusu, la sivyo zingejumlishwa maradufu kila yai linapotungishwa. Ubashiri wa pili ulitimia. Hoja ya kwanza ikapita mlango uleule bila kuhojiwa sana.

Kinachowashangaza wengi ni hesabu. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, na katika kila jozi moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Jozi hizo zinapojipanga katikati ya seli, kila moja hugeukia upande wake bila kuzitazama nyingine. Eleanor Carothers alilishuhudia hilo mwaka 1913 kwa panzi wenye jozi ya kromosomu zisizolingana ukubwa, zinazotambulika kwa macho: ile kubwa ilikwenda huku au kule karibu nusu kwa nusu. Zidisha mbili kwa mbili mpaka zitimie mbili 23, utapata michanganyiko 8,388,608 kwa mzazi mmoja. Kwa wazazi wawili inazidi trilioni 70.

Namba hizo hunukuliwa kila mahali, nami naona zinapotosha. Zinahesabu njia za kuchanganya karata, hazisemi lolote kuhusu kilichochorwa kwenye karata zenyewe. Duma ana jozi 19 za kromosomu, meiosisi yake haina kasoro, na kwa hesabu hiyohiyo kila mzazi anaweza kutoa michanganyiko zaidi ya 500,000. Lakini miaka ya 1980 Stephen O'Brien na wenzake walipopandikiza vipande vya ngozi kati ya duma wasio na undugu wa karibu, miili yao ilivipokea kana kwamba ni ngozi yao wenyewe. Katika bustani moja ya wanyama huko Oregon, Marekani, virusi vya korona vya jamii ya paka viliwaangusha duma zaidi ya nusu, huku simba waliokuwa hapohapo wakinusurika. Ukoo wa duma uliwahi kupungua mno, na tofauti zilizopotea wakati huo hazirudi kwa kuchanganya. Unaweza kuchanganya mpaka mikono iume. Ikiwa karata zote ni za picha moja, anayegawiwa atapata ileile.

Uzito wa meiosisi, basi, haumo kwenye hesabu hiyo. Uko hatua moja nyuma, kabla jozi hazijatengana, pale kromosomu ya baba na ya mama zinapolala sambamba na kubadilishana vipande. Mwaka 1909 Frans Alfons Janssens wa Ubelgiji aliona nyuzi hizo zikishikana na kupishana, akapendekeza kwamba hukatika na kuungana upya. Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wake mjini New York wakalitumia wazo hilo kueleza nzi wao wa matunda, na mwaka 1913 Alfred Sturtevant akachora ramani ya kwanza ya jeni kwa kupima jinsi tabia mbili zinavyotengana mara kwa mara. Ithibati ya macho ilisubiri mwaka 1931, Harriet Creighton na Barbara McClintock walipochukua mahindi yenye kromosomu iliyo na nundu mwisho mmoja na kipande cha kigeni mwisho mwingine, wakaonyesha kwamba jeni zikibadilishana nafasi, alama hizo nazo hutengana.

Matokeo yake yanapimika kwa ndugu. Tunasema ndugu wa baba na mama mmoja hushirikiana nusu ya urithi wao, lakini nusu hiyo ni wastani tu. Wapo ndugu wanaoshirikiana asilimia 37, wapo wanaofika 62. Mtu na dada yake wanaweza kuwa karibu zaidi, kwa DNA, kuliko mtu huyohuyo na kaka yake waliyezaliwa naye tumbo moja.

Seli inafanyaje mabadilishano hayo? Inajikata. Mwaka 1997 ilibainika kwa hamira kwamba protini iitwayo Spo11 ndiyo inayokata DNA pande zote mbili za uzi mwanzoni mwa meiosisi, na protini hiyo imekutwa kwa wanyama, mimea na kuvu. Kwenye seli moja ya panya, mikato hufika 200 hadi 300. Jambo hili linapaswa kumshtua yeyote aliyesoma aya zilizotangulia. Seli ileile inayotumia nguvu nyingi kuzuia kosa la herufi moja inatengeneza kwa makusudi jeraha baya kuliko yote ambayo DNA inaweza kupata. Seli ya kawaida ikikutwa na mikato mamia namna hii, mara nyingi hujiua.

Aliyeshika jibu la vitabuni atasema: ndiyo, inajihatarisha ili ilete tofauti. Hesabu ya mikato inamkatalia. Katika zile 200 hadi 300 za panya, takriban moja tu kati ya kumi huishia kwenye mabadilishano ya vipande virefu. Nyingine zote hutengenezwa kimyakimya kwa kunakili sehemu ndogo kutoka kwa kromosomu mwenza. Mtambo uliolenga kuzalisha tofauti usingetupa tisa katika kumi ya nafasi zake. Zaidi ya hayo, mabadilishano yanayobaki hugawanywa kwa mpangilio unaostaajabisha: kila jozi, hata iliyo fupi kabisa, karibu kila mara hupata angalau moja, na ikipata mawili hayasogeleani. Kwa mleta tofauti ingetosha yaanguke popote.

Yanaeleweka ukijua yanafanya kazi gani. Kromosomu mbili za jozi hazina gundi ya asili kati yao. Ili mtambo wa kuvuta ujue kwamba hii ni ya huku na ile ni ya kule, lazima ziwe zimeshikana zikivutwa, na kwa viumbe wengi kinachozishika ni pale zilipobadilishana vipande. Mikato mingi ya mwanzo husaidia kila kromosomu kumtafuta mwenzake katika msongamano wa kiini. Ncha iliyokatika hupapasa mpaka ikute maandishi yanayolingana nayo. Protini zinazoongoza upapasaji huo, Rad51 na Dmc1, ni jamaa wa RecA, ambayo bakteria hutumia kuunga DNA yao inapovunjika. Vifaa vya karakana ya matengenezo vimechukuliwa na kupewa kazi ya kupanga jozi. Kwamba vipande vya baba vinaishia kuunganishwa na vya mama ni matokeo ya namna matengenezo hayo yanavyofanyika.

Mahali pa kuona hili wazi ni pale linaposhindikana. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin waliripoti kwamba watu wenye hali iitwayo Down wana kromosomu 47 badala ya 46, ya ziada ikiwa ile ya 21. Mara nyingi sana ziada hiyo hutoka kwenye yai, na katika sehemu kubwa ya mayai hayo jozi ya 21 haikubadilishana vipande kabisa, au ilibadilishana mahali pabaya, karibu mno na ncha au karibu mno na kitovu cha kromosomu. Tatizo la jozi isiyobadilishana halikuwa upungufu wa tofauti. Lilikuwa kwamba hakukuwa na kitu cha kuishika. Na ukumbuke yai lilianza meiosisi yake mama mwenyewe akiwa bado tumboni mwa bibi, likasimama katikati ya zoezi, na likabaki limesimama hadi siku ya kupevuka, pengine miaka 40 baadaye. Vishikizo vilivyowekwa kabla ya kuzaliwa vinategemewa kushika muda wote huo. Ni ajabu kwamba vinashika mara nyingi hivyo.

Kuna kizuizi kwenye hoja yangu na sitaki kukiruka. Nzi dume wa matunda, mnyama aliyesomwa kuliko wengi, habadilishani vipande kabisa katika meiosisi yake. Morgan aliligundua hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kromosomu za dume huyo hushikana kwa njia nyingine na hutengana salama. Kwa hiyo kubadilishana si njia pekee ya kushika jozi. Mageuko yanaweza kuivua kazi hiyo na kuipa kitu kingine. Mpinzani wangu atauliza: kama njia mbadala ipo, kwa nini viumbe wengi mno wameendelea na njia ya kujikata, yenye hatari? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kinachofanya kitu kitokee na kinachofanya kitu kidumu ni maswali mawili tofauti, na Weismann aliyachanganya.

Kwa nini uzazi wa kuchanganya jeni udumu? Gharama yake si ndogo. Miaka ya 1970 John Maynard Smith aliiweka kwa hesabu rahisi: jike anayezaa bila dume huzaa majike watupu, na kila mmoja wao huzaa tena, ilhali jike anayehitaji dume hutumia nusu ya uzao wake kwa madume ambao wenyewe hawabebi mimba wala kutaga. Mambo mengine yakiwa sawa, ukoo wa kwanza huongezeka maradufu kuliko wa pili kila kizazi. Tena, mzazi aliyefaulu kuishi hadi kuzaa ana mchanganyiko wa jeni ambao maisha yameukagua na kuupitisha, na meiosisi inauvunja. Wakulima wa tofaa wanalijua vizuri: mbegu ya tofaa zuri haitoi mti wa tofaa lilelile, ndiyo maana aina zinazopendwa huendelezwa kwa kupandikiza vikonyo.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi unahusu vimelea. Kwenye maziwa ya New Zealand wanaishi konokono wadogo wa spishi moja, baadhi yao wakizaa kwa kujamiiana na wengine wakijizaa wenyewe kama kloni. Curt Lively alikuta kwamba palipo na minyoo mingi inayowashambulia, wanaojamiiana nao ni wengi zaidi. Baadaye ilionekana pia kwamba kloni iliyopata kuwa ya kawaida ziwani ndiyo minyoo hujifunza kuivamia, ikaanza kushuka. Kisha mwaka 2011 Lively, Levi Morran na wenzao wakaileta vita hiyo maabara. Walichukua vinyoo vidogo vya *C. elegans*, vinavyoweza kujitungisha vyenyewe au kupandana na dume, wakawaweka pamoja na bakteria anayeua na aliyeachwa naye abadilike kizazi kwa kizazi. Jamii zilizolazimishwa kujitungisha zilitoweka zote ndani ya vizazi 20. Zile zilizoachiwa hiari zikaongeza kupandana, kikawa ndiyo desturi.

Zingatia sharti moja katika jaribio hilo: adui naye alikuwa akibadilika. Adui aliposimamishwa pale alipo, kupandana kulipanda kwanza kisha kukarudi chini. Kwa hiyo faida ya kuchanganya haipo wakati wote. Ipo pale ambapo mchanganyiko ulioshinda jana unaweza kuwa ndio unaowindwa leo. Mantiki nyingine inatoka kwa Hermann Muller, mwaka 1964: katika ukoo usiochanganya, kila kosa jipya hubaki, na kiumbe mwenye makosa machache kuliko wote akifa bila kuacha uzao, hakuna namna ya kumuunda upya, na ukoo mzima umeshuka ngazi moja isiyopandika. Anayechanganya anaweza kupata mtoto mwenye makosa machache kuliko wazazi wote wawili, na mwingine mwenye mengi, ambaye akifa anaondoka nayo.

Hata hapa, tazama viumbe wanaoachana na meiosisi ya kawaida bila kutoweka. Kuna rotifa wa kundi la bdeloidi, vijidudu vya majini vinavyoonekana kwa hadubini, ambao hakuna dume wao aliyewahi kuthibitishwa ingawa ukoo wao una makumi ya mamilioni ya miaka. Hukauka kabisa bwawa likikauka, DNA yao ikakatikakatika, kisha maji yakirudi huiunga. Katika spishi moja iliyosomwa kwa undani, takriban asilimia 8 ya jeni zinaonekana kutoka kwa viumbe wasio wanyama, kama bakteria na kuvu. Wengi hudhani ziliingia wakati wa kuunga. Bakteria nao hutenganisha kuzaa na kuchanganya: hugawanyika wawili kwa nakala, na kwa wakati wao hupeana DNA kwa kugusana, kama Joshua Lederberg na Edward Tatum walivyoonyesha mwaka 1946, au huiokota tu majini. Baadhi ya watafiti wanaona kwamba uokotaji huo huenda ulianza kama kula. Tofauti, tena, imepitia mlango uliofunguliwa kwa shughuli nyingine.

Jaribio lililo karibu kuliko yote liko ndani ya kila mwanamume. Kromosomu Y, ile ya kiume inayopangwa jozi na X, haina mwenza kamili. Asilimia 95 ya urefu wake haibadilishani vipande na X. Kama tofauti ndiyo ingekuwa kiini cha mabadilishano, hasara ya Y ingekuwa kukosa aina. Hasara iliyoipata ni uchakavu. Y na X zilitokana na jozi moja ya kawaida, na leo X ina jeni za protini zipatazo 800 huku Y ikiwa imepoteza nyingi mno za zile za asili. Kwa muda watu walipiga mstari wa grafu wakatangaza itatoweka. Mwaka 2003 David Page na wenzake walipoisoma herufi kwa herufi, walikuta sehemu nane ambamo maandishi yamerudiwa kwa kugeuzwa, nusu moja ikiitazama nyingine, na nusu hizo zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99.9. Y, isiyo na wa kubadilishana naye, hujikunja na kujinakili yenyewe: jeni ikiharibika upande mmoja hurekebishwa kwa kusoma upande wa pili. Walipoilinganisha baadaye na Y ya nyani rhesus, tuliyeachana naye miaka milioni 25 iliyopita, ya binadamu ilikuwa imepoteza jeni moja tu ya asili katika muda wote huo. Ukarabati ule unatumia ujuzi uleule wa ncha iliyokatika kutafuta maandishi yanayolingana nayo, na unapokamilika pande mbili za Y zimefanana zaidi kuliko mwanzo.